Mwenye Mori Hana Neno

Kiganjo,
Jumamosi, alasiri

Mwende,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako naijua. Uko Nyeri mjini, umekalia kibenchi, unasukwa nywele na yule mama wa Majengo ambaye huvuta mpaka machozi yakutoke, na utarudi jioni ukisema kichwa kinakuuma. Hali yangu pia unaijua: niko mzima, miguu inaniuma kidogo, na nyumba imeshaanza kuwa kubwa kabla hata hujaondoka.

Shuka zako nimezikunja. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya zile sare nyeupe, ili usiione kabla hujafika chuoni Kisumu. Nikikupa mkononi utaisoma kwenye basi kabla hata ya kufika Nyahururu, halafu ulie mbele ya watu wasiokujua. Habari za sweta, za kuchemsha maji, za kumwandikia baba yenu kule Isiolo, nimezisema mwezi mzima mpaka umeanza kunikatiza na kuzimalizia mwenyewe ukinicheka. Sitazirudia. Nataka kukuambia habari za kaka yako Mutua, ambazo humu ndani hatujazizungumza miaka saba, na habari za hasira yangu. Mimi nimefundisha darasa la nne miaka ishirini na miwili. Najua kuandika "Hasira hasara" ubaoni kwa herufi nzuri zenye mikia, watoto wanaiga. Lakini mwalimu mwenyewe alianguka somo hilo vibaya.

Unaukumbuka mchezo wa pango. Wacha nikueleze kana kwamba hukuwepo, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na moja, na nadhani unachokikumbuka na kilichotokea si kitu kimoja.

Mutua aliupata kwa yule kijana Mzungu wa kujitolea aliyemfundisha fizikia kidato cha nne. Kijana alipomaliza miaka yake miwili akawagawia wanafunzi vitu vyake. Mmoja alipewa viatu, mwingine redio, na kaka yako akapewa boksi lenye kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada na dadu za ajabu, moja ya pande nane, nyingine ya pande ishirini. Nilipoziona nilidhani ni za kupiga ramli, na nilimwambia azitoe nyumbani kwangu. Akanibembeleza siku tatu. Unajua Mutua alivyokuwa anabembeleza, hasemi mengi, anakufuata tu jikoni anakuoshea vyombo ambavyo hukumwomba.

Baba yenu wakati huo alikuwa sajini wa polisi kule Doldol, tunamwona mwisho wa mwezi. Sisi watatu tulikuwa wageni hapa: Wakamba katikati ya Wakikuyu, na majirani zetu polisi wa kila kabila, ndiyo maana ninyi mlikua mkiongea Kiswahili na Kikamba chenu kikawa cha kuombea chumvi tu. Mvua ya Aprili ikianza hakuna wa kututembelea. Basi Jumapili moja nikakaa mezani niwaone mnafanya nini, na sikuinuka tena.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kusimulia. Mutua alikuwa mwenye pango: yeye anaeleza mnachokiona, mlango huu, shimo lile, mnyama anakuja. Sisi kila mmoja alikuwa na mtu wake kwenye karatasi, nguvu zake na uhai wake vimeandikwa kwa nambari. Unasema mtu wako anafanya nini, na jambo likiwa gumu unatupa dadu. Wewe ulitengeneza mganga wa kike, ukamwita Sista, kwa sababu tangu ukiwa mdogo ulitaka kuwa muuguzi, hata kwenye pango lenye majitu. Mimi nikatengeneza mpiganaji, mwanamke mnene mwenye shoka, nikamwita Ndunge.

Kitabu kilikuwa na mpiganaji wa aina moja ambaye akikasirika anakuwa mtu mwingine. Hasikii maumivu, anapiga mara mbili, hamjui rafiki. Mutua alitafuta jina lake kwa Kiswahili wiki nzima. Baba yenu ndiye aliyelitoa. Kule Doldol alikuwa amewaona vijana wa Kimaasai wakipandwa na mori, mwili mzima unatetemeka, wenzao wanne wanawashika mpaka itulie. Basi mpiganaji huyo akaitwa mwenye mori, na Ndunge wangu akawa ndiye. Hukushangaa, wala Mutua hakushangaa. Mlitazamana, mkacheka, nami nikajifanya sikuona.

Na uchawi wa kitabuni, kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa na sikutaka uchawi utajwe mezani pangu, tukauita neno. Sista ana maneno matatu. Anasema neno, jambo linatendeka. Nilifikiri hapo nimekuwa mwerevu sana, kwamba hata mchungaji akiingia hatapata kosa.

Kisha ikaja ile sheria. Mutua alisema kitabu kinakataza mwenye mori kutumia uchawi wowote akiwa amepandwa. Hata kama anaujua, hata kama amepewa. Mori inamjaza mdomo, ulimi haumsikii. Akaiweka kwa maneno manne, na humu ndani ikawa methali: mwenye mori hana neno. Tuliicheka sana, kwa sababu watu wakisema fulani hana neno wanamaanisha ni mtu mwema, hana ubaya na mtu. Jirani akiuliza, "Mama hajambo?" wewe ulikuwa unajibu, "Hana neno," halafu unakimbilia nyuma ya nyumba kucheka.

Sasa nije kwa ile Jumapili.

Ndunge alikuwa amepata pete kwa jitu, na pete ilikuwa na neno moja, "Pona". Ukilisema, mtu wako mmoja anarudishiwa uhai. Tukaingia kwenye chumba cha fisi. Nakumbuka fisi walikuwa punje za mahindi, sisi tulikuwa maharagwe. Ndunge akapandwa na mori, akaua watatu, na wa nne akamrukia Sista. Ukatupa dadu, ukapata moja. Sista akabaki na uhai mmoja tu, na wewe ukaanza kuuma kola ya gauni lako.

Nikasema, "Ndunge anasema Pona."

Mutua akasema haiwezekani, yuko na mori. Lazima kwanza akae zamu moja bila kufanya kitu, mori ishuke, ndipo aseme. Nikamwambia zamu moja fisi atakuwa amemaliza kazi. Akasema anajua. Nikamwambia mama yeyote, hata awe na wazimu, hawezi kumwacha mtoto afe huku dawa iko kwenye kidole chake. Akasema kwa mchezo hawezi. Na wewe, mwanasheria mdogo, ukainua kichwa ukauliza: je, kama Ndunge angesema neno kabla hajapandwa? Mutua akafikiri, akasema hilo lingeendelea, neno lililosemwa kabla, mori hailiondoi. Ila Ndunge hakulisema kabla.

Nikamwambia anionyeshe kitabuni. Akafungua, akanionyesha mahali kurasa zilipokatika. Zilikuwa zimelegea, na mimi mwenyewe wiki mbili kabla nilikuwa nimezichukua kuwashia jiko nikidhani ni takataka. Hapo ulicheka. Ulikuwa na haki ya kucheka, lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini mimi sikucheka.

Haya ndiyo nimekaa kuandika, na usome polepole. Miaka saba umeamini kwamba ugomvi ule ulitoka kwa Sista, na kwamba ungepata sita kwenye dadu kaka yako angekuwa nyumbani. Hukuniambia, lakini mwaka uleule ulitoa karatasi ya Sista ukaitupa chooni, na tangu hapo hujagusa hata ludo. Mimi nililiona hilo nikanyamaza. Mwende, Sista hakuhusika. Asubuhi ile, tukitoka kanisani, mke wa afisa mmoja rafiki wa baba yenu alinishika mkono akaniambia kwa huruma kwamba Mutua hakutokea siku ya kuandikishwa polisi. Baba yenu alikuwa ameomba kwa watu, ameandika barua, amesimama mbele ya wakubwa wake na kofia mkononi. Na Mutua siku ile, wiki mbili nyuma, alitoka hapa amevaa viatu vilivyong'aa, akarudi jioni akasema walimwambia angoje. Alinidanganya usoni, naye alikuwa hajui kudanganya, nami sikumshuku.

Nilitoka na habari hiyo kanisani nikaipika pamoja na wali, nikaila, nikakaa nayo mezani mchana wote nikitupa dadu. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Kila alipofungua mdomo kueleza mlango au shimo, moyoni nilikuwa nasema, sasa atasema. Hakusema. Basi aliponikatalia lile neno la Ndunge, yote yakatoka kwa tundu hilo dogo. Nilipindua meza. Wewe ulifikiri mama anapindua meza kwa sababu ya fisi wa mahindi.

Nikamwita mwongo. Nikamwambia yale ya kanisani. Na yeye, badala ya kukasirika, akainuka taratibu, akanitazama kwa ule upole wake ambao ulikuwa unanichoma kuliko matusi, akasema, "Mwaitu, uko na mori sasa. Ngoja ishuke. Mwenye mori hana neno."

Unajua aliniita Mwaitu, mama, kwa Kikamba, mara chache sana. Alikuwa ananipa heshima. Alikuwa ananiomba nisiseme litakaloniuma baadaye. Mimi nilisikia kwamba mtoto niliyemzaa ananiambia sina la kusema katika nyumba yangu, mimi ni wa bure. Nikashika ziwa langu, kama wamama wa kwetu wafanyavyo wanapotaka neno lipenye, nikamwambia, "Toka. Na usirudi kwa hii nyumba mpaka siku ya kunizika."

Nililisema kwa Kiswahili, halafu nikalirudia kwa Kikamba, nihakikishe.

Akasema, "Sawa, Mwaitu." Akaokota dadu moja moja sakafuni, akazitia kwenye kopo, akaliweka juu ya kabati. Akachukua koti. Wewe ulimfuata hadi barabarani, ukarudi umelowa, na sikukupa hata taulo.

Alikwenda Doldol kwa baba yenu. Ni umbali wa asubuhi moja kutoka hapa, Mwende. Unapita Nanyuki unaendelea. Baba yenu alipohamishwa, Mutua akabaki kule akaanza kununua mbuzi na kuwauza, na nasikia ni mnunuzi mwaminifu, wachungaji wanamngojea yeye. Mtu ambaye uongo wake ulidumu siku kumi na nne tu angekuwa polisi wa namna gani? Hilo nimelifikiria sana. Alijijua kuliko sisi wawili tuliokuwa tunamsukuma.

Utaniuliza kwa nini sikumfuata. Mwaka wa kwanza nilisema atakuja, ni mtoto. Mwaka wa pili nilisema yeye ndiye aliyekosa, yeye ndiye aliyedanganya. Wa tatu nilikuwa nimezoea kuwa na haki. Kuna watu wanaozoea pombe. Mimi nilizoea hiyo. Ukirudi kutoka shuleni ukiniuliza kama kuna barua, nilikuwa nakuuliza umeoga. Ukanizoea hivyo, ukaacha kuuliza, na tukaishi wewe na mimi katika vyumba viwili tukipishana kwa adabu. Umekuwa msichana mzuri, umefaulu, hujanipa shida, na mara nyingi nimekuangalia ukisoma nikafikiri, huyu ananiogopa. Hakuna upweke kama wa kupikia mtu anayekuogopa.

Kila baba yenu alipotoka upande ule aliniletea nyama ya mbuzi kutoka kwa Mutua, na salamu. Baba yenu unamjua, anatoa salamu kama anatoa ripoti. Nilikuwa namwuliza, mtoto amesemaje? Anajibu, "Anasema hana neno." Na anaendelea kuvua buti. Nami naingia jikoni nakata ile nyama kwa nguvu. Hana neno! Mama amekaa miaka anangoja neno moja, samahani, au hata tusi, na yeye hana neno. Sawa, nikasema, hata mimi sina.

Wiki mbili zilizopita baba yenu alipokuja kwa likizo, akaleta tena nyama, akasema tena vilevile. Sijui ni kwa sababu wewe ulikuwa umepata barua ya chuo na nilikuwa nimeanza kuhesabu vikombe vitakavyobaki, lakini safari hii nilimfuata. Nilimwuliza, kwa nini mtoto huyu miaka yote hana neno na mimi? Nilimkosea nini hata asipate la kuniambia?

Baba yenu akaacha buti moja mguuni. Akaniangalia kama mtu aliyeona mpumbavu. Akasema, "Wewe ulikuwa unasikia aje? Hana neno. Hana kitu kwa roho. Hana shida na wewe, hajawahi kuwa nayo. Ndiyo anasema kila mara nikuambie."

Mwalimu wa Kiswahili, Mwende. Miaka ishirini na miwili. Mtoto wa darasa la nne angenisahihisha. Mtoto wangu amenitumia msamaha pamoja na nyama kila mara, nami nimekula nyama na kuutupa msamaha, kwa sababu neno lile lilikuwa limeshaharibika sikioni mwangu tangu ile Jumapili. Nilikuwa nimelifunga kwenye ugomvi, sikuweza tena kulisikia kama watu wengine wanavyolisikia.

Nikamwuliza, basi kama hana neno mbona hajaja? Akanijibu kwa sauti ya chini, kwa maana hata yeye analiogopa jambo hili. Akasema Mutua anasema siku atakayokanyaga hapa itakuwa ni ya kunizika. Anasema, "Mwaitu alisema. Nikirudi, atakufa. Wacha aishi." Mara mbili amefika Nanyuki kwa mnada, na mara moja amefika hapa Kiganjo stendi, akasimama upande ule wa maduka, akaniona nikinunua sukari, akarudi. Nilipoyasikia hayo nilikaa sakafuni. Wewe ulikuwa umeenda mtoni na wenzako.

Nilidhani amekaa mbali kwa kiburi, kwa sababu kiburi ndicho ningekuwa nacho mimi. Kumbe ananilinda.

Sasa, najua utakalosema, wewe mwanasheria. Utasema kwa sheria yake mwenyewe neno lile halikushika, kwa kuwa nililisema nikiwa na mori. Nimejiambia hivyo pia. Nimelala na hoja hiyo miaka. Lakini Mutua aliiamini sheria ile kwenye pango tu. Nje ya pango yeye ni Mkamba, na anajua neno la mama aliyeshika ziwa. Kwetu neno la namna hiyo halitolewi na mchungaji wala na baba. Hulitoa aliyelisema, akiwa ametulia, ana kwa ana, amtemee mtoto mate ya baraka kifuani na kulifuta kwa mdomo uleule. Baba yenu ndiyo maana hakuingilia. Hakuna aliyeweza kulitoa isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekaa na haki yangu.

Sikuandikii haya ili ujifunze kutokasirika. Umenirithi, nimekuona. Mwezi uliopita niliposema Kisumu ni mbali na huko ni kwa watu wengine, uliweka kisu juu ya meza bila kelele ukaenda mferejini, ukanyamaza siku nne. Nilikusifu moyoni kwa kutosema. Lakini siku ya tatu nilianza kuogopa, kwa sababu niliijua ile njia. Mutua alikuwa na haki: aliyepandwa na mori asiseme, alichosema si chake. Hata mimi sasa nakubali, Ndunge alitakiwa akae zamu moja. Kosa langu halikuwa ile dakika moja, kila mtu ana dakika kama hiyo. Kosa langu ni kwamba mori ilishuka, jioni ileile ilishuka, nikipanga maharagwe kwenye debe ilikuwa imeshashuka kabisa, na ulimi wangu ulikuwa umerudi, na sikuutumia miaka saba. Ukipandwa, nyamaza. Ikishuka, sema. Siku ileile kama unaweza, hata kama yule mwingine ndiye mkosaji. Huko wodini utakutana na madaktari watakaokupandisha, na wagonjwa, na pengine mume. Nyamaza, kisha urudi useme.

Na lile swali lako la siku ile, kuhusu neno lililosemwa kabla, nalifikiria kuliko unavyojua. Kesho pale stendi ya Nyeri, kabla hujapanda basi, nitakutemea mate kifuani mbele ya watu wote, na nywele zako mpya, na blauzi yako nyeupe. Usione haya. Nataka uende na neno langu zuri likiwa limeshasemwa nikiwa nimetulia, ili siku nikipandwa tena, na nitapandwa, mimi ni yuleyule, neno baya lisiwe na pa kuingia.

Basi lako likiondoka sitarudi nyumbani. Nitapanda gari la Nanyuki, nilale kwa yule mwalimu niliyesoma naye, na Jumatatu nitatafuta lori la mnada mpaka Doldol. Baba yenu amenichorea njia nyuma ya kalenda. Sijamwandikia Mutua. Nikimwandikia anaweza kuondoka, akiogopa kwamba hata kuniona kule ni kunimaliza. Lakini nilipolichunguza lile neno langu, nililichunguza vizuri, nikaona lilimkataza yeye kuja hapa. Mimi halikunikataza kwenda kokote. Nilikuwa huru kwenda tangu Jumatatu ya kwanza.

Sijui atanipokea vipi. Naogopa, nakuambia wazi. Naogopa atakuwa amerefuka na kuota ndevu, na nitamtafuta mtoto wangu ndani ya mwanamume nisiyemjua. Naogopa nitafika pale, kitu kidogo kitanichoma, nitapandwa tena. Nimejiapia kwamba ikiwa hivyo nitakaa chini, hata kwenye vumbi la mnada, katikati ya mbuzi, mpaka ishuke.

Kuna jambo moja ambalo baba yenu aliniambia mwishoni, na sijaweza kukuambia kwa mdomo. Nilijaribu jana ukipiga pasi, nikaishia kukuuliza kama pasi ni moto. Mutua ameoa. Wana mtoto mmoja, msichana, wa miaka mitatu. Na unajua desturi yetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Angeweza kuruka. Watu huruka kwa makosa madogo kuliko langu, wanatafuta jina la shangazi au la Biblia, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuruka. Kule Doldol kuna mtoto anayeitwa Mueni. Mimi hapa nimekaa jikoni nikingoja Mutua apate neno la kuniambia, kumbe kila asubuhi, miaka mitatu sasa, anasimama mlangoni kwake na kuniita kwa jina, nije ninywe uji.

Mama yenu,
Mueni